Sonifikesheni: Takwimu za Uchafuzi wa Hewa Zinapogeuzwa Sauti

Sonifikesheni ni utaratibu wa kugeuza takwimu kuwa sauti kwa kanuni iliyowekwa mapema, ili mtu atambue kwa sikio kile ambacho kwa kawaida husomwa katika jedwali au grafu. Mfano wa zamani ni kipimo cha mionzi kinachojulikana kwa jina la Hans Geiger, ambacho hualika kila kinapopenywa na mnururisho, na ambacho mlio wake ukisongamana mpimaji hujua hali ilivyo bila kutazama mshale.

Tuchukue hewa ya Dar es Salaam. Kihisi kikifungwa kando ya Barabara ya Morogoro pale Ubungo, humulika hewa kwa mwali wa leza na kukadiria, kutokana na mwanga unaotawanyika, wingi wa PM2.5, yaani chembechembe za moshi na vumbi zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Msanii anaweza kukipa kiwango hicho noti ya hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, na kuamua kwamba kila chembechembe zinapoongezeka maradufu sauti ipande oktavu moja, yaani mitetemo nayo iwe maradufu, hivyo mikrogramu 30 zisikike kwa hezi 440, na 60 kwa hezi 880. Uamuzi huo una sababu yake: sikio la binadamu hulinganisha sauti kwa uwiano, si kwa tofauti ya hesabu. Kihisi kikipima mara moja kila dakika, siku moja huzaa vipimo 1,440; vikipigwa vinne kwa sekunde, safari nzima tangu daladala za alfajiri hadi taka zinazochomwa jioni huchukua dakika sita.

Sanaa huwa ya kuzingira pale spika zinapopangwa kumzunguka msikilizaji, kila moja ikibeba kituo chake: Ubungo mbele, Kariakoo kulia, Mbagala nyuma. Anayegeuza shingo hugeukia mtaa mwingine.

Kwa maoni yangu, kipimo cha kazi hizi ni kimoja: takwimu zikibadilishwa, je, sauti nayo inabadilika? Fidla ya huzuni iliyowekwa kwa sababu tu uchafuzi unahuzunisha ni muziki, pengine muziki mzuri, lakini si sonifikesheni.

Ugumu mkubwa uko kwenye kimya. Umeme ukikatika na kihisi kikazimika, spika yake hunyamaza, na msikilizaji asiyeelezwa hudhani kwamba mtaa ule umepata hewa safi. (Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa jinsi kukatika kwa umeme kulivyo jambo la kawaida.) Kwa hiyo pengo la takwimu hupewa alama yake, kwa mfano mkwaruzo hafifu usiofanana na noti yoyote. Unyevu nao hupotosha, kwani chembechembe hunyonya maji, huvimba na kutawanya mwanga zaidi, hata kihisi cha bei nafuu kikatoa tarakimu kubwa kuliko uchafu uliopo. Katika mji wa pwani, vipimo vya unyevu huchukuliwa sambamba na kutumika kusahihisha tarakimu hizo kabla ya noti ya kwanza kupigwa. Vinginevyo spika ya Ubungo itapaza sauti ya mvuke wa Bahari ya Hindi, na wasikilizaji watadhani ni moshi wa magari.