Mwanasesere wa hadithi kwa aliyefiwa

Watu wakishaanua matanga, majamvi yakarudi msikitini na masufuria kwa majirani, mfiwa hubaki na msiba wake. Sisi maofisa ustawi wa jamii hapa Kigoma huanza kumwona hospitalini baadaye: kichwa kinauma, usingizi hauji, chakula hakipiti, na vipimo havionyeshi ugonjwa. Wengine wa namna hiyo huwa tunawashauri washike sindano na uzi.

Kazi yenyewe ni kushona mwanasesere wa mhusika mmoja kutoka hadithi ambayo marehemu alizoea kuisimulia. Narudia: mhusika, si marehemu. Mwanasesere wa bibi hatafanana na bibi, na kutofanana huko kutakutonesha kidonda. Mtoto mdogo naye anaweza kudhani bibi amerudi. Kama bibi alikuwa mtu wa Sungura na Fisi, shona Sungura.

Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anaukabili msiba, mara anaupumzika na kushughulika na maisha. Kushona kunampa yote mawili. Unasimulia huku unapiga mshono, machozi yanakuja, sindano inakuchoma, unarudi kwenye kitambaa. Usimulie kwa sauti, watoto wakiwepo. Watakukatiza: "Bibi hakusema hivyo! Fisi alidondokea kisimani kwanza!" Hapo mazungumzo yaliyokuwa yakikwepwa nyumba nzima yameanza yenyewe.

Mwili ushonwe kwa kitambaa cha marekani. Mabaki ya vitenge kwa ajili ya nguo utayapata kwa mafundi cherehani wa Mwanga. Shona upande wa ndani, acha mwanya wa vidole viwili, pindua, kisha jaza sufi au matambara kwa kijiti butu. Shingo ndiyo inayowashinda wengi: isiposhindiliwa vizuri, kichwa kinalala. Macho yatariziwe kwa uzi. Kifungo kikichomoka, mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kupaliwa nacho. Kwa familia zisizopenda sanamu zenye sura, na Ujiji zipo, uso uachwe mtupu. Kazi haipungukiwi kitu.

Kanga ya marehemu usiikate kabla ndugu hawajakubaliana kuhusu mirathi. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa kitambaa kidogo. Ikishakuwa yako, kipande cha pindo kinatosha kilemba. Kuifua au kuiacha na harufu yake ni hiari yako.

Asiyetaka kushona asilazimishwe, na aliyeishia kwenye kichwa cha mwanasesere asiharakishwe kumalizia.

Mwanasesere hatoshi kwa kila mtu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika tangu 2022, unahesabu kuwa ni maradhi pale majonzi makali yanapodumu zaidi ya miezi 6, yakamzuia mtu kuendesha maisha yake, na kupita kadiri ya mila na dini yake. Kwa hiyo mjane aliye ndani ya eda ya miezi 4 na siku 10, anayelia na kujitenga, asiitwe mgonjwa kwa sababu hiyo tu. Lakini mfiwa akisema anataka kumfuata marehemu, miezi haihesabiwi. Asiachwe peke yake, aletwe hospitali siku hiyohiyo, na mapokezi mseme mnamtaka daktari pamoja na afisa ustawi wa jamii.