Wakala akisema "nimesasisha", kimebadilika nini hasa?

Siku hizi unamwandikia wakala wa akili mnemba sentensi moja tu: "Ongeza muda wa kusubiri kwenye mtiririko wa malipo, uwe sekunde 60." Anachagua zana, anaijazia vigezo, anarudi na jibu kwamba kazi imekwisha. Tangu Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP (utaratibu wa pamoja wa kuunganisha akili mnemba na zana za nje) mnamo Novemba 2024, kumuunganisha wakala na huduma za wingu kumekuwa rahisi mno, na nimefurahi kama wengine. Ila urahisi huo umekuja na imani ambazo naona zinawaponza watu wenye nia njema kabisa.

Dhana: Zana ya kusasisha hugusa kile ulichokitaja tu.

Hii ndiyo inayouma zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kwenye Google Cloud Workflows, huduma ya Google ya kuendesha mitiririko, yaani hatua za kazi zinazofuatana zenyewe, ombi la kusasisha lina kigezo kiitwacho updateMask, yaani orodha ya sehemu unazotaka zibadilike. Usipokijaza, mtiririko mzima unasasishwa kwa kile ulichotuma. Watu wakishalijua hilo hutulia, wakidhani wamemaliza. Bado. Msimbo wote wa mtiririko, hata ukiwa na mistari 300, unakaa ndani ya sehemu moja tu, sourceContents, kama maandishi mamoja marefu ya YAML au JSON (miundo ya kuandikia data). Ukiitaja sehemu hiyo, umeitaja yote. Huwezi kuiambia huduma ibadilishe mstari wa 41 na kuacha mingine.

Kwa hiyo wakala anayeongeza sekunde analazimika kutuma upya maandishi yote. Kama hakusoma kwanza yaliyopo, anayaandika kutokana na kile kilichobaki kwenye mazungumzo. Tuseme hatua ya awali ilikuwa ndani ya try (jaribu), na chini yake kuna retry (jaribu tena), ili huduma ya mbali ikigoma ijaribiwe tena. Wakala anaandika http.post (amri ya kutuma data), anaweka url (anwani ya huduma), anaweka timeout (muda wa kusubiri) ya 60, na retry inaachwa njiani. YAML bado ni halali, mtiririko unapokelewa, majaribio yanapita kwa sababu siku hiyo huduma ya mbali ni nzima. Pengo litaonekana siku huduma hiyo itakapokohoa mara moja tu, na kufikia hapo hakuna atakayekumbuka kwamba kuna mtu aliomba sekunde.

Mpe wakala utaratibu usio na mjadala: aite zana ya kusoma kwanza, ahariri maandishi yale yale aliyoyapata, kisha akuonyeshe tofauti mstari kwa mstari kabla ya kutuma. Mimi napenda zaidi msimbo ukae kwenye Git (mfumo unaohifadhi kila badiliko la msimbo), wakala apendekeze mabadiliko huko, binadamu ayaidhinishe.

Dhana: Zana ikijibu bila kosa, toleo jipya limeshaanza kazi.

Kwenye Google, ombi la kusasisha hurudisha jina la operesheni ambayo inaweza kuwa bado inaendelea. Wakala anapaswa kuiulizia mpaka done isomeke true, tena ahakikishe haikuishia kwenye kosa, halafu asome namba ya toleo na kuona kwamba imebadilika. Kwenye AWS Step Functions, huduma kama hiyo ya Amazon, kazi iliyoanzishwa mara tu baada ya kusasisha inaweza kutumia maelezo ya zamani kwa muda mfupi. Kwa hiyo jaribio la papo hapo linaweza kukuonyesha tabia ya toleo ulilodhani umelizika.

Dhana: Kazi zilizokwisha kuanza zitahamia kwenye toleo jipya.

Hazihami. Katika huduma zote mbili, kazi humalizia na toleo lililoianzisha. Na kazi moja inaweza kudumu hadi mwaka mzima, hasa ile inayosubiri idhini ya mtu. Ukibadilisha anwani ya huduma leo na kuizima ya zamani leo hii hii, kazi zilizolala zitaamka na kubisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa.

Dhana: Zana imeandikwa kuwa ni ya kusoma tu, basi tuko salama.

MCP inamruhusu mtengenezaji wa zana aweke alama kama readOnlyHint (inasoma tu) na destructiveHint (inaweza kuharibu). Hizo ni dokezo, na itifaki yenyewe inaonya zisiaminiwe zikitoka kwenye seva usiyoiamini. Kinga iko kwenye ruhusa za akaunti anayotumia wakala. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita: mtiririko hutenda kwa mamlaka ya akaunti yake ya huduma. Anayeweza kubadilisha hatua za mtiririko ameazima mamlaka hayo yote, hata kama yeye mwenyewe haruhusiwi kugusa hifadhidata. Mpe wakala ruhusa ya kutazama kwanza, na ya kuandika pale tu inapohitajika, kwa mtiririko unaojulikana.

Dhana: Tukiharibu, tutarudisha.

Kwenye Step Functions, kusasisha peke yake hakukuhifadhii toleo la kurudia. Lazima uombe lichapishwe. Likishachapishwa halibadiliki, na unaweza kutumia jina mbadala kugawa kazi kati ya matoleo mawili, mfano asilimia 10 kwa jipya na 90 kwa la zamani, ukitazama makosa kabla ya kuongeza. Nakusihi ufanye hivyo kwa mtiririko wowote unaogusa fedha au unaotuma ujumbe kwa watu, kwa sababu kurudisha toleo hurudisha msimbo tu. Malipo yaliyokwenda mara mbili na barua pepe zilizokwisha kutumwa hubaki huko huko zilikofika.