Je, tofauti ya kabila ndiyo chanzo cha ugomvi?

Husemwa mara kwa mara, hata vijiweni Iringa mjini, kwamba makabila mawili yakiishi jirani lazima yagombane, kwa kuwa chuki imo damuni. Historia ya hapa hapa inakanusha. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, lakini leo ni watani: msibani, wafiwa wakiwa bado wanalia, mtani anaweza kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe fedha, na hakuna anayekasirika.

Wala kundi halihitaji kabila ili lizaliwe. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya Bristol, Uingereza, ambamo wavulana waliambiwa kuwa wamegawanywa kwa kupenda michoro ya mchoraji Klee au ya mwenzake Kandinsky. Waliopewa nafasi ya kugawa fedha walipendelea upande wao, na mara nyingi walikubali upate pungufu mradi uwazidi wenzao. Upendeleo huo, hata hivyo, bado si uadui. Uadui hudai kitu cha kugombania.

Ndiyo maana migogoro ya bonde la Usangu, wilayani Mbarali, hupotoshwa inaposimuliwa kama ya Wasangu wakulima na Wasukuma wafugaji. Wakulima wa pale ni mchanganyiko wa makabila mengi, na Wasukuma wenyewe wamo wanaolima mpunga. Simama kwenye mfereji wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya kufikia vifundo vya miguu tu, mpunga upande huu na ng'ombe upande ule, utakiona kinachogombaniwa.