Kadi ya michoro isiyopiga kelele: tunayoambiwa madukani na ukweli wake

Juni ikiingia Mbeya, madirisha hufungwa mapema, na chumba kikishafungwa ndipo utaijua feni mbovu. Kaka yangu ana steshenari karibu na Kabwe. Mwaka jana alinunua kadi ya michoro, kile kipande kinachotengeneza picha za kwenye skrini, "ya GB 4" kwa ajili ya kompyuta yake ya mezani ya mtumba, ile ya kesi nyembamba iliyotoka maofisini Ulaya. Kadi ilikuja na kifeni kidogo kuliko kisahani cha kikombe cha chai, kikawa kinalia kama mbu tangu asubuhi hadi anafunga duka. Wateja waliuliza kinacholia ni nini. Na video za masomo za mwanawe, ambazo ndizo zilizomfanya anunue, ziliendelea kukwama. Nilikuwa naye siku ile dukani na sikujua la kumwambia. Ninayoandika hapa nimejifunza baada ya pale.

"Angalia GB. GB nyingi ndiyo nguvu."

Hili ndilo linalowapotezea watu wengi hela, hapa Mwanjelwa na hata Iringa mjini, kwa sababu GB, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, ndiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Lakini kumbukumbu ya kadi ni kama tenki la maji: ukubwa wake haukusaidii kitu ikiwa bomba la kutolea ni jembamba kama mrija. Chukua GT 1030, kadi ya kampuni ya Nvidia. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na GB 2 za aina ya GDDR5, inayopitisha data GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine, jina lilelile, GB zilezile 2, ila kumbukumbu ni DDR4 na inapitisha kama GB 17 tu. Mnunuzi anayesoma jina na GB peke yake hawezi kuzitofautisha, ilhali moja inaizidi nyenzake karibu mara tatu kwa upana wa njia. GT 730 nayo ina matoleo kadhaa chini ya jina moja, mengine ya DDR3, mengine ya GDDR5. Ukiletewa GT 730 ya GB 4 za DDR3 na GT 1030 ya GB 2 za GDDR5, chukua ya pili bila kusita.

Kwa video kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Kadi huwa na sehemu maalumu ya kufungulia video zilizobanwa, na kila kizazi kinafungua aina zake. YouTube hutuma video nyingi kwa mfumo wa VP9. GT 1030 inaufungua yenyewe, GT 710 haiwezi. Kadi ikishindwa, mzigo wote unarudi kwa prosesa, na prosesa ya zamani ikielemewa, picha inakwama na feni yake nayo inaanza kupiga kelele. Hapo umenunua kadi ili upate utulivu, ukapata feni mbili zinazolia.

"Kompyuta ya zamani haibebi kadi mpaka ubadilishe pawa saplai."

Si kweli kwa kadi za umeme mdogo. Sloti ndefu ya PCI Express, ile kadi inapochomekwa kwenye madabodi, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75 kwa kadi bila waya wowote wa ziada. GT 1030 ya GDDR5 inahitaji wati 30, Radeon RX 550 inahitaji 50, GTX 750 Ti inahitaji 60, GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinahitaji 75. Zote hizo zipo bila tundu la waya wa umeme. Kagua tu ukingo wa kadi, maana watengenezaji wengine wameongeza tundu la pini sita kwenye 1050 Ti na 1650 zao.

Kwenye kesi nyembamba kama ya kaka usiende mpaka 75, kwani baadhi ya mashine hizo sloti yake imewekewa kikomo cha chini zaidi. Mimi hubaki na kadi za wati 30 hivi na kulala usingizi. Na upime bati la nyuma la kadi, lile linaloishikiza kwenye kesi, kabla ya kulipa: la kawaida lina urefu wa kama sentimita 12, la kesi nyembamba ni kama 8. Muulize muuzaji kama bati fupi limo ndani ya boksi.

Pawa saplai yenyewe isomwe kwenye lebo, mstari wa volti 12. Ukiona ampea 16, maana yake ni wati 192 kwenye njia hiyo ambayo kadi na prosesa vinaitegemea. Ya wati 240 iliyokuja na kompyuta ya ofisi mara nyingi ni ya kuaminika kuliko ya bei poa iliyobandikwa "500W" bila maelezo. Usikubali fundi akuungie pini sita kutoka kwenye waya wa SATA, ule wa kupeleka umeme kwenye diski. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na pini sita inaweza kudai 75. Plastiki yake huyeyuka.

Umeme mdogo unaonekana hata kwenye LUKU. Kadi ya wati 150 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kila siku kwa siku 30, inakula uniti 18. Ya wati 30 inakula uniti 3.6. Kwa wanaotumia sola huko Makete au Ludewa, tofauti hiyo inaamua kama betri itafika usiku.

"Mbeya baridi, nunua isiyo na feni, haitapata joto."

Baridi yetu inasaidia kweli. Chumba cha nyuzi 17 kinaipa kadi nafasi kubwa kuliko chumba cha nyuzi 30 kule Dar es Salaam. Lakini mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo inabeba joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Tena kadi isiyo na feni inategemea upepo unaopita ndani ya kesi. Ukiiweka kwenye kesi iliyosukumwa ukutani, huku mapezi yake yamejaa vumbi la Septemba, itachemka hata kama nje kuna umande. Kwa wati 19 hadi 30 haina shida, mradi feni ya kesi inazunguka. Kwa wati 75 mimi ningechagua yenye feni.

Na kuhusu feni, wapo wanaoamini kubwa ndiyo yenye kelele. Ni kinyume: feni pana inazunguka polepole kusukuma hewa ileile, na mlio wake ni mzito, hauchomi sikio. Kifeni kidogo lazima kikimbie.

"1050 Ti kwa bei ya kutupa, ina mpaka VGA!"

Hapo simama. Kizazi hicho cha Nvidia kiliondoa kabisa njia ya VGA, ile ya monita za zamani, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la VGA itilie shaka papo hapo. Kuna kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina hilo, na zinakula umeme mwingi kuliko jina zilizolibeba. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi, basi omba ifunguliwe mbele yako. Kama monita yako ina VGA tu, bajeti yako iwe pia na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA.

"Mpya ndiyo salama."

Kwa mashine ya mwaka 2012 si lazima. RX 6400 ya mwaka 2022 ni ya wati 53 na inavutia, ila inatumia njia nne tu za PCI Express, na kwenye madabodi ya zamani njia hizo zinakuwa finyu. Haina pia sehemu ya kurekodia video. Kadi mpya nyingine hazionyeshi chochote kwenye BIOS ya kale, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta.

Na si kila uzito wa mashine unatokana na kadi. Kaka aliing'oa ile ya GB 4, tukaweka SSD, diski ya kisasa iliyo ya haraka, na kufikisha RAM GB 8, na mashine ikawaka upesi kabla hatujagusa michoro. Kisha tukampatia GT 1030 ya GDDR5 isiyo na feni, bati fupi. Mwanawe sasa anaangalia masomo ya fizikia pembeni ya kaunta, na kinachosikika mle dukani ni mashine ya fotokopi.