Moyo Ukikwenda Mbio: Kabla ya Kusema ni Presha, Malaria au Shetani

Kila inapokaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hurudi swali lile lile: moyo unanienda mbio, kichwa kizito, tumbo limevurugika, usingizi hakuna, nimepima malaria sina, nimepima presha ni nzuri, basi nina nini? Maelezo haya ni kwa muulizaji huyo. Hayachukui nafasi ya uchunguzi. Mwenye maumivu ya kifua yanayobana, au yanayopanda taya au kwenda mkononi, awahi hospitali, asome baadaye.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande mna kiungo kidogo mfano wa lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari. Kikishtuka hakingoji ushauri: ujumbe hushuka kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na kwa sekunde chache tu adrenalini imeshamwagika. Moyo huongeza kasi, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo huachishwa kazi. Ndiyo maana aliyepigiwa simu ya msiba hawezi kumeza hata tonge. Nyuma yake huja homoni ya pili, kortisoli, ambayo hupanda taratibu na kufika kileleni dakika 20 hadi 30 tangu mshtuko uanze. Ugomvi umekwisha, watu wameshaombana radhi, na mmoja bado anatetemeka. Msimwambie ana kinyongo. Mwili wake haujashuka.

Breki ya mfumo huu iko nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo huendelea kukomaa mpaka mtu anapofika miaka 25 hivi. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayeambiwa "jikaze, wewe mwanamme" anatakiwa akanyage breki ambayo bado inafungwa. Ustahimilivu wa hisia, kwa maana yetu sisi watoa huduma, ni wepesi wa mwili kurudi chini baada ya kupanda. Kila mtu hupanda. Wepesi huo wa kushuka hufundishika, na njia ya karibu kuliko zote ni pumzi.

Unapotoa pumzi, mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo kasi. Unapovuta, kasi hupanda kidogo. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, penye kifundo cha mkono, na wengi wenu mtaisikia tofauti hiyo. Kinachotuliza, basi, ni kutoa. Kaa, nyayo zote chini, kiganja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, kiganja kinyanyuke. Toa kwa midomo iliyobanwa, kama unayepuliza jiko la mkaa bila kurusha majivu, ukihesabu hadi sita. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 asubuhi na 5 usiku, tena siku ambazo huna tatizo lolote. Tunaambiwa "nilijaribu, haikunifaa". Ukiuliza, alijaribu mara moja, hofu ikiwa imeshamfika shingoni. Hakuna anayejifunza kuogelea siku chombo kimepinduka.

Kosa jengine ni la wanaomsaidia: "Vuta pumzi! Vuta tena!" Aliyeshikwa na hofu kali ameshavuta kupita kiasi. Kaboni dayoksaidi hupungua damuni, midomo na ncha za vidole huingia ganzi, kichwa huzunguka, na vidole vya mikono hujikunja pamoja kama mdomo wa ndege, vikakataa kunyooka. Skulini hapo ndipo husemwa mtoto amepandisha, na baada ya dakika chache wamepandisha watano. Hatubishani na imani ya mtu, na mwenye kusoma dua asome. Lakini darasa zima kumzunguka, ubani puani, watu wanne wamemkalia mikono: yote hayo yanamzidishia. Mtoeni penye upepo. Wenzake waondoshwe, kwani hofu huambukiza kwa kutazamwa. Abaki mtu mzima mmoja anayehesabu naye kutoa pumzi. Kwa kawaida hofu ya namna hii hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe mkingoja. Msimfunike uso kwa mfuko, uwe wa plastiki au wa karatasi. Akipoteza fahamu, akijing'ata ulimi au akitokwa na mkojo, huenda ni kifafa: mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali.

Kahawa ya barazani: kwa mtu mzima, nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya kama saa tano. Vikombe vya saa tatu usiku bado vinafanya kazi saa nane, na mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Mengine mnayajua.

Jambo linalotusumbua zaidi ni kukimbia kile unachokiogopa. Meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011, MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, na wapo ambao hadi leo wakisikia honi ya boti magoti hulegea. Kila unapoghairi safari, moyo hutulia, na ubongo huandika: nimepona kwa sababu sikupanda. Hofu hunenepa. Dawa yake ni kuisogelea kwa ngazi. Nenda bandarini, Malindi ya Unguja au Mkoani ya Pemba, ukae ukitazama boti zikiingia, ukiipa hofu yako alama kuanzia 0 hadi 10. Usiondoke ikiwa 8. Kaa mpaka ishuke hadi 4, hata ikichukua nusu saa au zaidi. Rudia siku nyingine mpaka uanze na 3. Ndipo safari fupi ya mchana, kama kwenda kisiwa cha Changuu bahari ikiwa shwari, halafu safari yenyewe. Usianze ngazi hizi wakati wa upepo wa kusi. Na anayekataa kupanda chombo kilichopakia kupita kiasi hana maradhi, ana akili timamu. Aliyenusurika ajalini na bado anaota maji asifanye haya peke yake, aje kliniki.

Ama diazepamu, ambayo wengi huiita Valiamu: ni dawa ya cheti cha daktari. Anayekuuzia bila cheti anavunja sheria, na anayemgaia jirani vidonge vyake vya hospitali anamtia hatarini. Aliyeitumia mfululizo kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, anaweza kupata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Huzuni, kukosa hamu au wasiwasi ukidumu wiki mbili, karibu kila siku, ukaharibu kazi, masomo au ibada, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Chukua kitambulisho, majibu ya vipimo vya nyuma, dawa zote unazotumia zikiwa ndani ya vipakiti vyake, zikiwemo za miti shamba, na ikiwezekana mtu mnayelala naye nyumba moja. Ukipewa rufaa, karatasi ifike nayo. Usiipige picha ukaiacha nyumbani. Kurudi kwa dawa ni kabla hazijaisha, siku tatu hivi. Anayezungumzia kujiua hangoji rufaa wala tarehe: haachwi peke yake, vitu vya kumdhuru viondolewe, na aletwe siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu. Kwa Unguja, hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu ipo, na wanaoingia geti lile ni pamoja na walimu, wavuvi na mama wenye watoto wachanga wanaotoka wakarudi kazini kwao.