Fishi tepu: mshipi wa fundi umeme

Mvuvi wa Mikindani ukimtajia mshipi atawaza uzi wenye ndoana. Fundi cherehani atawaza ukanda. Fishi tepu ya fundi umeme inabeba maana zote mbili. Ni ukanda mwembamba wa chuma cha springi, uliozungushwa ndani ya kibebeo cha mviringo, na ncha yake ina kitundu au kindoana. Unausukuma mtupu ndani ya paipu iliyofukiwa ukutani mpaka utokeze upande wa pili, unafunga nyaya kwenye ncha, kisha unauvuta urudi nazo. Hata jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kuvua, kwa hiyo kuuita mshipi wa kuvutia nyaya ni sawa kabisa.

Kwetu Mtwara pesa za korosho zikianza kuingia, kuanzia Oktoba hivi, nyumba zilizokuwa zimesimama kwenye linta hupauliwa na kupigwa lipu. Paipu hulazwa ukutani kabla ya lipu, lakini nyaya huweza kusubiri hadi msimu mwingine. Muda huo wote mchanga unaingia, saruji inadondokea kwenye boksi za swichi na soketi, na nyigu wanajenga kwa udongo wao. Anayekuja kuvuta nyaya hajui atakutana na nini humo ndani.

Wengi hutumia waya wa kufungia nondo. Nauelewa ugumu wa pesa, lakini waya ule ukishapinda haunyooki tena, na ncha yake iliyokatwa inanasa kwenye maungio ya paipu. Mahali penye nyaya za zamani ni hatari zaidi, kwa sababu inakwangua maganda yake na hakuna atakayeona.

Kwenye kuchagua, anza na urefu. Nyumba ya kawaida inatoshelezwa na mita 15. Mita 30 ni ya majengo makubwa, na kwenye chumba kidogo inakuwa mzigo tu. Kifaa hiki kipo pia cha nailoni na cha faiba. Cha chuma kina nguvu ya kusukumwa mbali. Cha nailoni ni laini, kinapita vizuri kwenye kona za karibu karibu, ila kwenye safari ndefu kinalegea. Cha faiba hakipitishi umeme, na mimi ndicho ningechukua kwa nyumba ambayo tayari ina umeme. Hilo halikuruhusu kuacha meni swichi ikiwa imewashwa: zima, kisha pima kwa testa. Ncha ya chuma usiyoiona inaweza kutokeza moja kwa moja kwenye boksi la saketi breka. Tena kwetu pwani upepo wa chumvi hauachi chuma salama, basi kifute kikauke kabla ya kukirudisha kwenye kibebeo.

Kazi yenyewe inataka watu wawili, mmoja anavuta na mwenzake analisha nyaya zikiwa zimenyooka. Menya ganda la kila waya kama sentimita 10, pitisha shaba kwenye kitundu, ikunje irudi, halafu zungusha tepu nyeusi ya umeme mpaka kichwa kiwe chembamba na laini. Usifunge nyaya zote sehemu moja. Zipishanishe, maana kichwa kinene ndicho kinachokwama. Vuta zote kwa mkupuo mmoja. Waya unaoongezwa baadaye huwasugua wenzake. Zikiwa nzito, paka kilainishi cha nyaya. Grisi na mafuta ya injini huharibu ganda la plastiki. Vaa glavu na miwani, kwa sababu ukanda ukichomoka unaruka kama fimbo.

Kanuni za umeme za Marekani zinaweka mpaka wa kona: kati ya boksi na boksi, jumla ya mipindo isizidi nyuzi 360, yaani kona 4 za mraba. Nyaya zikiwa 3 au zaidi, zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya uwazi wa paipu. Mimi nikiona kona ya tatu naomba boksi lingine liwekwe katikati. Ni gharama ndogo kuliko kubomoa.

Ukanda ukigoma, usiupige kwa nguvu. Urudishe kidogo, uzungushe, jaribu tena, au uingizie upande wa pili. Ukigoma palepale, weka alama kwa kidole kwenye ukanda, hapo mdomoni mwa paipu, utoe, kisha uulaze juu ya ukuta kufuata njia ya paipu, alama ikiwa mdomoni. Ncha inapoishia ndipo penye kizuizi. Nyumba moja ya Shangani mwenyewe alikuwa tayari kuchimba ukuta mzima wa sebule. Tulipima hivyo, tukatoboa sehemu ya upana wa kiganja, tukakuta kidonge cha udongo wa nyigu kimeziba paipu pande zote.