Kutoka nje ni ruksa, kugusa siwa ni jambo jingine

Wanafunzi wanaozuru Bunge la Dodoma hawakosi kutuuliza: hivi mbunge anaweza kugoma? Anaweza. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, usihojiwe mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Maneno hayo matatu, "nje ya Bunge", ndiyo yanayosahaulika. Ndani, wabunge wenyewe wanaweza kumhoji mwenzao na kumwadhibu.

Mwaka 2016 ulituachia mifano miwili mizuri ya kufundishia. Januari 27, baada ya Serikali kutangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, wabunge wa upinzani walisimama na kupaza sauti hadi kikao kikakwama, polisi wakaingia ukumbini. Mei 30, wabunge 7 wakasimamishwa kwa vurugu hizo. Mwezi uliofuata upinzani, uliokuwa ukimgomea Naibu Spika Tulia Ackson, ulibadili mbinu: wakaziba midomo kwa plasta, wakatoka kimya kimya.

Hasira ni ileile. Tofauti ni kwamba Juni hakuna aliyezuiwa kuzungumza wala kupiga kura. Kwa maoni yangu mpaka uko hapo, wala hauko kwenye ukali wa maneno au hasira ya Spika kitini. Bila shaka kutoka nje kuna gharama yake: bajeti ilipita wao wakiwa hawamo.

Siwa, yaani rungu rasmi linaloashiria mamlaka ya Bunge, ni habari nyingine. Siwa za kale za Pate na Lamu zilikuwa baragumu, zilipulizwa. Hii ya bungeni hailii, lakini isipokuwapo mezani kikao hakijakaa. Uingereza, Mei 27, 1976, mbunge Michael Heseltine aliinyanyua siwa ya kwao katikati ya vurumai, kikao kikaahirishwa, na kesho yake akaomba radhi.

Na wewe uliyeketi jukwaa la wageni? Kinga ya mbunge haikuhusu. Bango, kelele, hata makofi, vinatosha kufanya utolewe nje. Mwenye hoja juu ya muswada nafasi yake ni mbele ya kamati inapokusanya maoni ya wadau, na huko anaruhusiwa kusema bila kupaka sukari.